Nunua Kilicho Majini Kwanza

Mtu anayetaka kuweka kitafuta-samaki kwenye boti yake ndogo ya kuvulia kwa starehe huanza, karibu kila mara, na kioo. Huuliza ni inchi ngapi, kina rangi gani, kinasomeka juani au la, na kama kina ramani. Mwuzaji naye huanzia hapo hapo, kwa sababu kioo ndicho kinachowaka dukani, ilhali transdyusa, kile kipande cheusi cha plastiki chenye waya mrefu, hulala ndani ya boksi bila mtu kukitazama. Nimeshughulika na vifaa hivi muda wa kutosha kufikia imani moja ninayotaka kuitetea hapa: kwa boti ndogo, mpangilio huo wa maswali umepinduka. Kwanza yaje maji unayovulia, kisha samaki unaowataka, kisha transdyusa na mahali itakapofungwa, kisha umeme, na kioo kije mwisho. Anayefuata mpangilio huu atanunua kifaa cha bei ya wastani na kuona mengi. Anayeanza na kioo anaweza kulipa mara tatu ya bei hiyo na bado akabaki anatazama nukta nyingi zisizo na maana.

Kazi ya kifaa hiki ni rahisi kuieleza. Transdyusa hutuma mlio mfupi kwenda chini, mlio hugonga sakafu ya bahari au mwili wa samaki, mwangwi hurudi, na kifaa hupima muda uliopita. Sauti husafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 30 mwangwi hurudi baada ya sehemu 4 za mia za sekunde, na penye mita 750 huchukua sekunde nzima. Kanuni hii haijabadilika tangu mwanzo. Jacques na Pierre Curie, ndugu wawili wa Ufaransa, waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zikibanwa, na juu ya ugunduzi huo Paul Langevin akajenga, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mtambo wa kutuma na kupokea sauti majini. Mwaka 1948 ndugu Furuno wa Nagasaki, Japani, walitoa kitafuta-samaki kilichowafaa wavuvi wa biashara, na mwishoni mwa miaka ya 1950 familia ya Lowrance ya Marekani ikakipunguza hadi kikawa kisanduku cha kubebwa na mvuvi wa starehe. Katika historia hiyo yote maonyesho yamepita kwenye taa zinazomweka, karatasi na wino, hadi vioo vya rangi vya leo. Lakini hakuna kioo, cha zamani wala cha sasa, kinachoweza kuonyesha mwangwi ambao transdyusa haikuusikia.

Tuanze basi na maji. Afrika Mashariki haina kina kimoja. Mkondo wa Unguja, kati ya kisiwa na bara, kwa sehemu kubwa ni maji ya makumi ya mita tu, wakati Mkondo wa Pemba ulio kaskazini yake hushuka mamia ya mita, na ndiyo maana nduaro na jodari hupatikana si mbali na nchi kavu kwa anayetokea Shimoni. Kwenye maziwa tofauti ni kubwa zaidi: Ziwa Victoria, pamoja na upana wake wote, lina kina cha wastani cha mita 40 hivi na halizidi sana mita 80, ilhali Ziwa Tanganyika hupita mita 1,400. Mvuvi wa Mwanza na mvuvi wa Shimoni wakinunua kifaa kilekile kwa sababu tu kilisifiwa sana, mmoja wao atakuwa amelipia kitu asichokihitaji au amekosa kitu anachokihitaji. Ushauri wowote wa kununua usioanza na swali la kina cha maji yako ni ushauri wa mtu mwingine mwenye bahari nyingine.

Kina huamua masafa ya sauti. Masafa ya juu, kama kilohezi 200, yana wimbi fupi la milimita 7.5 hivi, kwa hiyo hutenganisha vitu vilivyokaribiana: samaki mmoja na mwenzake, au changu aliyelala karibu na jiwe. Ubaya wake ni kwamba nguvu yake hupotea mapema. Masafa ya chini, kama kilohezi 50, yana wimbi la milimita 30, hushuka mbali sana, lakini picha yake ni nzito na isiyo na ncha. Chumvi nayo ina neno lake, kwani maji ya bahari hunyonya sauti ya masafa haya kuliko maji baridi ya ziwa. Tazama vipimo vya kifaa kidogo kinachojulikana sana, Garmin Striker 4: mtengenezaji mwenyewe anaandika kwamba kinafika mita 488 kwenye maji baridi na mita 229 kwenye maji ya chumvi. Ni kifaa kilekile, na chumvi peke yake imekata zaidi ya nusu. Mtangazaji akitaja namba moja tu ya kina bila kusema ni ya maji gani, chukulia kwamba ni ya ziwani, tena siku ya utulivu. Kwa hiyo anayevua ndani ya mita 60 aridhike na masafa ya juu, na anayepita kwenye kilindi cha Pemba asinunue transdyusa isiyo na masafa ya chini. Vifaa vingi vya sasa hutumia mfumo wa CHIRP, ambao badala ya mlio wa masafa mamoja hufagia masafa mengi ndani ya mlio mmoja, na faida yake katika kutenganisha samaki ni ya kweli. Hata hivyo CHIRP ya masafa ya juu haiwi ya masafa ya chini kwa sababu ya jina, na swali la kina linabaki palepale.

Pamoja na masafa huja upana wa mwale. Sauti hutoka kwenye transdyusa ikitanuka kadiri inavyoshuka, na pembe ya mtanuko huo hutofautiana kati ya transdyusa moja na nyingine. Pembe ya nyuzi 12 kwenye kina cha mita 20 hufunika duara la upana wa mita 4 tu, wakati pembe ya nyuzi 45 hufunika mita 16 na zaidi. Mtu husikia hivyo akadhani pana ndiyo bora, na kwa kutafuta haraka penye sakafu tambarare ana haki. Lakini pwani yetu ni ya miamba na mafungu, na chewa hukaa kwenye miteremko. Mwale mpana ukishuka kwenye mteremko, mwangwi wa kwanza kurudi ni wa sehemu ya juu ya mwamba, na kifaa huchora sakafu hapo. Samaki aliye chini zaidi, ubavuni mwa mwamba huohuo, hufichwa ndani ya sakafu iliyochorwa. Pale pale anapokaa samaki unayemtaka, mwale mpana ndipo unapokuwa kipofu. Tena kwenye kina cha mita 200 mwale wa nyuzi 45 hufunika upana wa mita 160 na ushee, na samaki anayeonekana humo anaweza kuwa popote ndani ya duara hilo. Transdyusa yenye masafa mawili na pembe mbili, mvuvi akichagua mwenyewe ipi atumie, ina thamani kuliko inchi mbili za ziada za kioo.

Nguvu nayo huuzwa kwa ujanja wa namba. Boksi moja huandikwa wati 500 na lingine wati 4,000, na mnunuzi huona la pili ni mara nane ya la kwanza. Mara nyingi ni sawasawa, kwa sababu ya kwanza ni nguvu ya wastani inayoitwa RMS, na ya pili ni ya kilele hadi kilele, ambayo kwa hesabu ni mara 8 ya RMS. Linganisha RMS kwa RMS au usilinganishe kabisa. Kwa maji ya makumi ya mita, wati 200 hadi 300 za RMS zinatosha, na kwa kilindi cha mamia ya mita wati 500 au 600 zina sababu. Zaidi ya hapo, kwa boti ya mita 5, ni kununua betri kubwa bila kujua.

Swali la pili ni la samaki, na hapa ndipo wengi hukata tamaa na kifaa bila kosa la kifaa. Wanaonunua mabondo ya sangara kule Ziwa Victoria wanakijua vizuri kiungo ambacho kitafuta-samaki hukitegemea: ule mfuko wa hewa ndani ya mwili wa samaki. Nyama ya samaki haitofautiani sana na maji, na sauti hupita humo bila kushtuka, lakini hewa ni tofauti kabisa na maji, kwa hiyo mfuko huo hurudisha mwangwi mkali. Sangara, changu na chewa wanao, na huonekana vizuri. Nguru hana. Sehewa hana, wala papa. Basi nguru, samaki anayetamaniwa pengine kuliko wote na mvuvi wa starehe wa pwani yetu, hurudisha mwangwi dhaifu, hata awe na kilo 20. Ongeza kwamba nguru na nduaro mara nyingi huwa karibu na uso wa maji, ambako mwale bado haujatanuka: kwenye kina cha mita 5, pembe ya nyuzi 12 hufunika mita moja tu, tena chini ya boti yenyewe, mahali ambapo samaki amekwishakimbia kelele ya mashine. Anayenunua kifaa ili amwone nguru kwenye kioo amenunua kwa sababu isiyo sahihi, na hakuna bei itakayomridhisha.

Kisome basi kwa yale kinayoyajua. Kinaijua sakafu: penye mwamba au ardhi ngumu mstari huwa mkali, na mara nyingi mwangwi wa pili hutokea kwenye kina maradufu, kwa sababu sauti imepanda, imegonga uso wa maji na kushuka tena. Penye tope mstari huwa mpana na mfifu. Kinajua vikundi vya dagaa na samaki wadogo wenye mifuko ya hewa, na penye kundi hilo lililobanwa kwenye ukingo wa mwamba, nguru asiyeonekana yuko karibu. Kinajua pia mahali sakafu inapovunjika ghafla, na hapo ndipo mkondo hupandisha chakula. Jambo jingine la kushika ni kwamba kioo huonyesha yaliyopita. Ukingo wa kulia tu ndio wa sasa, na kila kilicho kushoto kwake boti imeshakiacha nyuma. Kwa mwendo wa noti 6 boti hupita mita 3 kwa sekunde, kwa hiyo kundi lililo katikati ya kioo linaweza kuwa mita 60 nyuma ya tezi. Zima alama zinazochorwa kama samaki, kwa sababu ni makisio ya programu, ambayo mara nyingi huchora hivyo hata povu au kijiti kinachoelea. Acha mwangwi uje ulivyo, na jicho litajifunza.

Sasa mahali pa kuifunga, jambo ambalo naliweka juu ya chapa na juu ya bei. Adui mkubwa wa sauti majini ni kilekile kinachotuonyesha samaki, yaani hewa. Mapovu yakipita mbele ya uso wa transdyusa, mlio huishia hapo hapo, na kioo hujaa mistari na giza mara boti inapoongeza mwendo. Kwa boti ndogo yenye mashine ya kufungwa nyuma, transdyusa hukaa kwenye ubao wa tezi, uso wake ukiwa chini kidogo ya tumbo la boti, mahali maji yanapopita kwa utulivu. Isiwe nyuma ya ubavu, msumari au tundu la kutolea maji, kwa sababu vyote hivyo huzaa mapovu. Watengenezaji kwa kawaida hushauri iwe sentimita 40 hivi au zaidi kutoka kwenye rafadha, na upande ambao mapanga ya rafadha yanashuka. Kwa mashine nyingi, ambazo rafadha yake huzunguka kama mishale ya saa ukiitazama kutoka nyuma, upande huo ni wa kulia. Kabla ya kutoboa tundu lolote, funga kwa muda kwenye kipande cha ubao, iendeshe boti kwa kila mwendo, uone. Kifaa cha bei ndogo kilichofungwa hapa kwa uangalifu hukishinda cha bei kubwa kilichopachikwa penye povu, na hili naliona kuwa ushahidi mzito kuliko wote kwa hoja yangu, kwa sababu halina uhusiano wowote na kioo.

Tumbo la boti nalo lina sauti yake. Wenye boti za faiba husikia kwamba transdyusa inaweza kubandikwa kwa gundi ndani, ikapiga kupitia tumbo bila kutoboa kitu. Ni kweli, mradi faiba iwe kavu na nzima, bila povu wala mbao katikati, na mradi usiruhusu hewa kubaki kwenye gundi. Gharama yake ni kupoteza sehemu ya nguvu na kipimo cha joto la maji. Kwa boti ya mbao njia hii haifai, kwa sababu mbao ina hewa ndani yake na huimeza sauti. Ngalawa na mashua zinahitaji transdyusa inayogusa maji yenyewe, tezini au kwenye mti wa kushushwa ubavuni, ambao una faida ya kupandishwa mwisho wa safari. Chombo kinacholala majini huota uchafu na magamba, na uso wa transdyusa haukwepi. Usafishe kwa kitambaa laini na sabuni, usiukwangue kwa kisu, na usiupake rangi ya kawaida ya chini ya boti. Waya wake usikatwe kwa kuufupisha, bali ukunjwe na kufichwa.

Umeme ndio unaoweka mpaka wa mwisho kabla ya kioo. Mashine nyingi ndogo za kuvuta kwa kamba hazina chaji, kwa hiyo kila kinachowaka hutegemea betri iliyotoka nyumbani. Kifaa cha inchi 4 au 5 hula nusu ampea hadi ampea moja, na kwa saa 8 ni ampea-saa 4 hadi 8. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inahitajika ya ampea-saa 8 hadi 16, nayo hubebeka mkononi. Kifaa cha inchi 9 au 12 kinachokula ampea 2 au 3 kinadai betri ya ampea-saa 40 au zaidi, yaani zaidi ya kilo 10 za risasi na asidi kwenye boti ambayo uzito wake wote unahesabika. Weka fyuzi karibu na betri, fuata ukubwa ulioandikwa na mtengenezaji, na tenga waya wa kifaa na nyaya za mashine, kwa sababu mwingiliano wa umeme hutokea kiooni kama samaki ambao hawako.

Hapa mpenda kioo kikubwa atanijibu kwamba macho ni macho, na kwamba juani, boti ikiruka, inchi 4 hazisomeki. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Mwanga wa kioo na uwezo wake wa kusomeka hata mtu akiwa amevaa miwani ya jua ni mambo ya lazima. Lakini kinachoongeza maelezo ni idadi ya nukta za wima kuliko inchi. Kioo chenye nukta 480 kwenda chini, kikionyesha mita 240, hupa kila nukta nusu mita, kwa hiyo changu mzima anaweza kupotea ndani ya nukta moja. Kikionyesha mita 30, kila nukta ni sentimita 6. Ndiyo maana kazi ya kukuza sehemu ya chini, inayoonyesha mita 10 za mwisho juu ya sakafu, hufanya kioo kidogo kitende kama kikubwa. Kwa macho ya watu wengi na kwa boti ya mita 4 hadi 6, inchi 5 hadi 7 ni kipimo cha haki. Zaidi ya hapo fedha hiyo ingenunua transdyusa bora, na bado ingebaki ya betri.

Wengine watasema kwamba teknolojia mpya imefuta hesabu hizi: picha za chini na za pembeni kwa kilohezi 455, 800 au zaidi, na tangu mwaka 2018 sona ya moja kwa moja kama LiveScope, inayoonyesha samaki akitembea wakati huohuo. Uwezo huo ni wa kweli, lakini haujaifuta fizikia. Masafa ya kilohezi 455 na 800 hutoa picha ya mwamba inayokaribia picha ya kamera, na hulipa hilo kwa kufa mapema, hasa kwenye chumvi, mara nyingi kabla ya mita 100. Kwa anayevua kwenye mafungu ya mita 15, au kwenye ghuba za Ziwa Victoria, picha ya pembeni ni msaada mkubwa wa kutafuta mawe. Kwa anayevua kilindini ni pambo. Sona ya moja kwa moja hudai umeme mwingi na bei inayoweza kufika ya mashine yenyewe. Tena tazama vizuri: kila kimoja cha vifaa hivi kinaitwa kipya kwa sababu ya transdyusa yake. Watetezi wake wananiunga mkono bila kukusudia.

Jambo moja ambalo ningelilipia hata kwenye kifaa kidogo ni GPS. Kina bila mahali husahaulika. Ramani za kununua za pwani yetu hazina maelezo ya kila fungu dogo, lakini vifaa vingi leo huchora vyenyewe mistari ya kina unapopita, na baada ya msimu wa kaskazi mvuvi huwa na ramani bora ya eneo lake kuliko yoyote ya dukani. Aiandike pamoja na hali ya maji. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua, kwenye sehemu nyingi kati ya Mombasa na Dar es Salaam, hukaribia mita 4, kwa hiyo mwamba uliopitwa kwa mita 3 maji yakiwa yamejaa unaweza kuwa wazi maji yakipwa. Na mtu asijidanganye kuhusu usalama: kifaa hiki hutazama chini, hakitazami mbele. Kinaposema mita moja, boti imeshafika. Mlango wa mwamba bado unahitaji jicho, jua lililo nyuma ya mgongo, na mwendo wa pole.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wazee wa bahari, wanaosema wamevua maisha yao yote bila mashine hii. Wana haki. Walijua kina kwa bildi, na mabaharia wa zamani walipaka mafuta chini ya bildi ili ilete mchanga au kokoto, wajue sakafu ni ya aina gani. Walikumbuka mahali kwa kulinganisha mnazi na kilima, mnara na ncha ya kisiwa. Ukiyatazama maswali yao, ni yaleyale: kina gani, sakafu gani, mahali gani. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza ukubwa wa kioo. Mvuvi wa starehe anayekwenda baharini Jumamosi tu hana miaka ya kujifunza alama hizo, na kifaa humpa njia ya mkato ya kujibu maswali yao. Kinakuwa na faida kubwa zaidi kwa aliyekaa kwanza na wazee hao, akajua ni wakati gani wa mwezi na wa maji mwamba fulani huamka.

Pingamizi la mwisho ni zito kimaadili: kwamba tunawapa watu jicho la kumaliza samaki waliobaki. Chewa wa aina nyingi hukusanyika mahali maalumu kuzaliana, na mtu mwenye alama ya mahali hapo kwenye GPS anaweza kufanya madhara makubwa kwa siku chache. Siwezi kulipinga hilo, na nadhani jibu liko kwenye mkono unaoshika mshipi. Kifaa hichohicho kinaweza kumlinda samaki. Samaki mwenye mfuko wa hewa akivutwa haraka kutoka mita 40 au 60, hewa hutanuka, tumbo hutoka mdomoni, na hata akiachiliwa mara nyingi haponi. Mvuvi anayejua kina chake anajua mapema kwamba pale hapana kuvua kwa kuachilia: achukue anaowala, kisha ahame. Anaweza pia kuona mpaka wa hifadhi, kama ile ya Watamu au ya Mafia, na asiuvuke kwa kisingizio cha kutojua.

Neno langu kwa anayekwenda dukani, au anayenunua cha mtumba, ni hili. Usichukue kioo kisicho na transdyusa yake, kwa sababu plagi na masafa hutofautiana hata ndani ya chapa moja, na kuitafuta baadaye kunaweza kugharimu kuliko kifaa chenyewe. Andika kabla ya kutoka nyumbani kina kikubwa unachovulia kweli, na wala si kile unachoota kukifikia. Samaki watatu unaowafuata. Aina ya tumbo la boti yako. Na saa ambazo betri inapaswa kudumu. Mwulize mwuzaji masafa, pembe ya mwale, wati za RMS, na kina kwenye maji ya chumvi. Akishindwa kujibu, nenda kwa mwingine. Kwa boti nyingi ndogo za pwani yetu jibu litakuwa kifaa cha inchi 5 hadi 7 chenye GPS, transdyusa ya masafa mawili au CHIRP inayolingana na kina chako, iliyofungwa tezini mbali na povu. Fedha itakayobaki nunulia jaketi la kuokolea maisha kwa kila atakayepanda.